Saa ya Papa Kwenye Meza ya Iliasi

Kasongo, tarehe 19 Oktoba 2025

Kwa Yaya wangu, dada yangu mkubwa Marguerite,

Ni miaka ishirini na saba sasa tangu mimi na wewe tutoke Lusangi kwa miguu, na hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia nikiwa ndani ya Maniema. Nakusalimu kwa heshima zote. Goti lako linasemaje? Mbuzi wako amezaa au bado anakuchezea? Wasalimie majirani wote wa kambini hapo ng'ambo ya ziwa, hasa mama Faridah, umwambie chumvi yake imenifikisha salama mpaka hapa.

Mimi ni mzima. Njia ya Kongolo imenichosha mgongo, lakini nalala kwa wenyeji wema karibu na parokia, na chakula kipo. Najua unavyosoma: umeruka salamu, unatafuta jina la mke wangu Régina. Vumilia kidogo. Sijafika Lusangi. Nimekaa Kasongo majuma mawili kwa sababu ya saa ya mkono, na nataka uelewe jambo hili kama lilivyotokea.

Siku ya pili baada ya kufika nilikwenda sokoni kununua sabuni. Pembeni, kwenye ukuta wa msikiti, kuna fundi anayeitwa Iliasi. Siku hizi anatengeneza simu zaidi, lakini bado ana saa chache kwenye kitambaa chekundu. Katikati yake niliiona saa ya Papa, baba yetu. Ile aliyokuwa akiizungusha kila asubuhi kabla ya sala, akiiweka sikioni na kutukataza kuongea. Ile aliyonivisha mimi nilipoanza kufundisha. Unakumbuka ilidondoka jikoni, ukaiokota kwa koleo la moto, ukachoma namba nne? Alama ile ipo. Siku tuliyokimbia ilikuwa kwenye msumari nyumbani, mkanda wake umekatika, na Régina alikuwa amekwenda kwao upande wa Kabambare.

Niliuliza bei kwa sauti ya mtu anayepita tu. Iliasi akanitazama, akasema ananionea huruma. Akanieleza kwamba saa hii inachelewa, kioo chake si cha kuzaliwa nacho, rangi ya fedha imeisha mpaka shaba inacheka, na badala ya mkanda imefungwa kamba ya kiatu. Akasema, “Papa, hii na wewe muko sawa, munaamka mukitikiswa. Kamata hii ya Wachina, inang'aa, utaoa nayo.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamuuliza imetoka wapi.

Akasema si yake. Anaiuza kwa niaba ya mama mmoja wa Lusangi, muuza mawese, ambaye mume wake amelazwa hospitalini hapa Kasongo, amepasuliwa tumbo na bado dawa hazijaisha. Mama huyo alikataa kuiacha kwa bei ya kutupa. Alisema ni saa ya mume wake wa kwanza, mwalimu, aliyefia vitani pamoja na dada yake mkubwa. Mgonjwa wa sasa ni mdogo wa marehemu, anaitwa François.

Yaya, nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Iliasi akanipa maji, akidhani ni jua.

Yule kijana aliyetoka Salamabila mwaka jana alituambia kwamba Régina yupo hai na anauza mawese. Zaidi ya hapo hakujua, na sisi hatukuuliza, kwa sababu furaha ilitutosha. Miaka yote hii tuliamini neno la wale waliotufuata nyuma, kwamba wa upande ule wote wameisha. Tukalia, tukaacha kutafuta. Kumbe na wao walifanya vilevile. Iliasi alisimuliwa na mama huyo: kwa kuwa maiti hazikuonekana, walikata migomba miwili, wakaivika nguo zetu na kuizika. Mimi na wewe tuna makaburi Lusangi. Matanga yalipokwisha, François alipewa saa, na aliyepewa saa amepewa na nyumba na aliyemo ndani.

Simlaumu. Ndiyo desturi yetu, na mahali pake ningefanya hivyo. Lakini wewe unajua upande wa pili wa desturi hiyo. Unamkumbuka Papa Octave, aliyerudi kutoka machimbo ya mbali wakati walikwisha kumzikia mgomba? Walimketisha nje ya uwanja. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti mpaka mgomba ufukuliwe na mrithi atoke kwanza, na wale watoto waliozaliwa humo wapelekwe kwa wajomba zao. Ulikuwa umenishika mkono. Yule mtoto wao mdogo alitoka na sufuria kichwani, hajui anakwenda wapi, na wewe ulikataa kula siku ile.

Basi nilikwenda kwa Iliasi kila siku, na kila siku niliishika saa na kuirudisha. Akaanza kunitania kwamba nimeichumbia, nilete mahari au niiache iolewe na mwingine. Hakujua anachokisema. Mtu aliye hai hanunui urithi wake mwenyewe, anaudai. Na kuudai ni kutaja jina langu, na jina lingefika hospitalini kabla yangu, François angali na uzi tumboni. Kuinunua kimya ni kukubali kwamba yule wa kaburini ni mimi. Kuiacha ni kumwacha Régina aje jioni kuuliza kama imepata mtu, aambiwe bado, arudi kwa mgonjwa mikono mitupu. Nilisoma na kufundisha wengine miaka mingi, lakini hili sikupata kitabu chake.

Alhamisi niliinunua. Nilitoa bei ileile ya kwanza, bila kupunguza. Iliasi akakasirika kidogo. Akasema watu waliokaa sana ng'ambo ya ziwa wamesahau soko, angalau ningempa raha ya kukataa mara moja. Ilikuwa nauli yangu ya pikipiki ya kwenda Lusangi pamoja na ile uliyonishonea kwenye kola. Nikamwomba, mama akiuliza, amwambie ni mpita njia aliyependa vitu vya zamani.

Sasa nikueleze lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Nilimwona.

Ijumaa asubuhi miguu ilinipeleka hospitalini, nami sikuizuia. Nyuma ya wadi jamaa za wagonjwa wanapika. Régina alikuwa ameinama kwenye jiwe anafua shuka, kitenge amekifunga juu kama zamani, kwa fundo la upande wa kushoto. Nywele zimekuwa nyeupe. Akaita, “Marguerite, leta maji, na usitembee kama bibi harusi.” Akaja msichana na ndoo, mrefu, paji la uso la mama yetu, anajibu kwamba ndoo ndiyo inatembea pole, si yeye. Walikupa mtoto, Yaya. Mtoto wa François ana jina lako na mdomo wako.

Nilisimama pale muda mrefu mno. Régina akainua uso, akanitazama vizuri, macho kwa macho. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaniamkia kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mzee asiyemjua. Akauliza, “Jambo Papa. Unatafuta mugonjwa gani?”

Nilikuwa na jina lake mdomoni. Kutoka mlangoni François alikohoa, na yeye akageuza kichwa upesi kabla kikohozi hakijaisha, kama mimi alivyokuwa akinigeukia. Nikamwambia nimekosea mahali. Akasema pole Papa, akanionyesha njia ya kutokea.

Nimekaa siku hizi mbili nikisikiliza habari kwa Iliasi. Anasema mama alifurahi, dawa zimenunuliwa, na mgonjwa ameanza kunywa uji. Nikisikia ametoka, nitapanda lori la Kongolo. Barua hii naituma mbele na mfanyabiashara anayekuja huko, kwa sababu najua umeanza kufunga mizigo unifuate. Ifungue. Usiuze mbuzi. Kitenge ulichonipa nimpelekee Régina nakurudishia, kivae wewe.

Saa ninayo mkononi. Inachelewa kweli. Naizungusha asubuhi, naiweka sikioni, na hakuna wa kumkataza kuongea.

Baki na amani, Yaya wangu. Mungu akulinde mpaka tuonane. Ukiniombea, mwombee na François. Lusangi sitarudi.

Ni mimi mdogo wako,
Jean-Marie