Siri Uliyomwachia Mume Wangu

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Nimeolewa! Na aliyenioa ni wakili wako, Baba, Deusi yuleyule aliyekuwa anakuja kukuona mahabusu nilipokuletea ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage. Nampenda mpaka naona haya. Nikisikia pikipiki yake inapanda kilima hapa Ihembe, naacha ndizi ninazomenya na kukimbilia mlangoni.

Ila ulimwachia siri, nayo inalala katikati yetu.

Ulifariki kabla ya hukumu, kesi ikafutwa. Hatukujua kama kweli wewe ndiye uliyechoma nyumba ya jirani yetu Petro mlipogombania mpaka wa mashamba. Deusi anajua. Siku ya harusi Petro alimfuata, akamwonyesha mikono yake iliyokunjamana kwa moto akiwaokoa wajukuu. "Wakili, mzee ameshazikwa. Niambie tu, nipumzike." Mume wangu akainama. "Nisamehe, mzee wangu. Sina ruhusa ya kutoa siri ya mteja, hata akifa." Shangazi naye hanipumzishi: "Mke gani anashindwa kumtoa mumewe neno moja? Chumbani mnasali rozari?"

Nilijaribu, Baba. Nililia. Nikamwambia, kama baba hakufanya, sema basi, nitembee uso juu! Akanishika mikono. "Nikisema pale jibu linapopendeza, siku nitakayonyamaza kwa ajili ya mwingine, watu watakuwa wameshajua kuwa huyo ana hatia."

Nilimnunia. Kisha nikakumbuka siku ile wewe na Deusi mlipomaliza kuongea huko mahabusu. Ulikuwa huli tangu ukamatwe, lakini siku ile ulikula ukamaliza, ukaniuliza habari za ndama. Chochote ulichomweleza, kilikupa usingizi. Nami nataka kuzeeka na mtu wa namna hiyo, hata akininyima jibu.

Sitamuuliza tena.

Lakini Petro hawezi kushika jembe, na migomba yake imezidiwa na magugu. Jumamosi nilienda kupalilia. Deusi alinikuta, akasimama njiani. Hakunikataza, hakunisaidia. Nilielewa: jembe mkononi mwake lingekuwa jibu.

Watu wanasema nimekiri kwa niaba yako. Kama hukufanya, Baba, nimekuaibisha bure, na naomba unisamehe. Kama ulifanya, pumzika. Vyovyote vile nakuahidi, nikiwa na nguvu, Petro hatakosa mtu wa kumlimia.

Nakuaga kwa machozi na kwa furaha, vyote viwili.

Binti yako,
Jeneroza