Kifungu cha Kahawa

UMOJA WA MAKTABA ZA VYUO VYA BONDE LA KALIX

Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Mikataba ya Vitabu vya Kidijitali kilichofanyika Luleå, chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili, Jumatano tarehe 18 Septemba 2024

WALIOHUDHURIA
Gunvor Stålnacke – Mwenyekiti
Sixten Bäcklund – Mjumbe
Aino Kenttä – Mwakilishi wa wanafunzi
Ragnar Öhlund – Katibu

MWALIKWA
Ludvig Ehrnström – Mwakilishi wa mzabuni anayetukodishia vitabu vya kidijitali, kutoka Stockholm

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Holger Niemi – Mjumbe (msimu wa kuwinda)

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:00 asubuhi. Alieleza kwamba kahawa ingekuwa saa 4:00 kama kawaida, na jambo hilo lilipita bila mjadala, upesi kuliko jambo lolote lililofuata. Bi. Kenttä alichaguliwa kuhakiki kumbukumbu hizi na kuzitia saini pamoja na Mwenyekiti.

KUMB. NA. 2/2024: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Kikao kilichopita kiliazimia kwamba kila mjumbe aliye mtumishi wa maktaba akifungue kitabu cha kidijitali cha vipimo vya dawa kila asubuhi, ili kufuatilia kwa karibu uzembe wa mzabuni. Iliripotiwa kwamba azimio lilitekelezwa na wote bila kukosa. Mwenyekiti alibainisha kwamba ndilo azimio la kwanza la Kamati hii kutekelezwa kikamilifu.

KUMB. NA. 3/2024: KITABU KISICHOFUNGUKA
Bi. Kenttä alieleza kwamba anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee mjini Haparanda huku akisomea uuguzi. Hupata nafasi ya kusoma asubuhi tu, akitoka zamu, kabla usingizi haujamshinda. Tangu muhula uanze, kila akijaribu kukifungua kitabu hicho hujibiwa kwamba nafasi zote zimejaa. Mtihani wa kwanza alishindwa. Wa marudio ni Ijumaa hii. Akishindwa tena hatapokelewa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, na nafasi yake atapewa mwingine.

Mwenyekiti alimpa pole. Bw. Bäcklund alimshauri ajaribu kusoma mchana.

"Mchana nalala, mzee wangu," Bi. Kenttä alijibu. "Wewe ukilala usiku, nani anakuamsha akwambie usome?"

Bw. Bäcklund aliondoa ushauri wake.

KUMB. NA. 4/2024: BARUA KWA MZABUNI
Mwenyekiti alisoma barua iliyoandaliwa na watumishi wa Kamati kwa pamoja. Neno "uzembe" lilikuwemo katika kila aya. Barua ilieleza kwamba mzabuni asipojirekebisha, Umoja hautatia saini mkataba mpya, hali ambayo ingefunga mkusanyiko wote wa vitabu mwisho wa mwezi. Makofi yalipigwa. Nakala alikabidhiwa Bw. Ehrnström.

Bw. Ehrnström alisema kwa upole kwamba mkataba unaruhusu wasomaji watatu kwa kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na kwamba mitambo yao haikuwa na hitilafu.

"Bwana Ludvig, umetoka mbali, lakini usituone washamba," alisema Mwenyekiti. "Tazama kwa macho yako."

Alijaribu kukifungua kitabu kwa kompyuta ya chumba, iliyounganishwa na skrini ya ukutani, mbele ya wote. Kilikataa. Wajumbe waliridhika sana.

Bi. Kenttä aliuliza ni akina nani waliokuwa wanakisoma saa hiyo. Akauliza Bw. Bäcklund alikuwa na nini kwenye kompyuta yake. Bw. Bäcklund alieleza kwamba ni kitabu hicho hicho, alichokifungua asubuhi kwa mujibu wa azimio, naye alikuwa anakifuatilia. Mwenyekiti naye alikuwa anakifuatilia. Katibu hakuwa nacho, kwa sababu tu alichelewa kuamka akakuta nafasi zimejaa. Alikuwa tayari ameandika kukataliwa huko kama ushahidi dhidi ya mzabuni.

"Fungeni," alisema Bi. Kenttä. "Fungeni wote, tuone."

Walifunga. Kitabu kilifunguka pale pale, ukutani, kwenye sura ya dripu. Bw. Ehrnström alitazama nje dirishani, kwa adabu.

Ili kumjua aliyeshika nafasi ya tatu, Bw. Niemi alipigiwa simu. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Nimekiacha wazi ofisini asubuhi hii kabla sijaja huku porini, kwa ajili ya azimio lenu. Sasa nyamazeni, nina mnyama mbele yangu."

Mwenyekiti aliomba arudishiwe barua. Bw. Ehrnström alisema ni barua iliyoandikwa vizuri na angependa kubaki nayo.

KUMB. NA. 5/2024: MAREKEBISHO YA KIFUNGU CHA 7
Bw. Ehrnström alikumbusha kwamba rasimu ya kwanza ya mkataba ilitaka kitabu kilichoachwa bila msomaji kijifunge baada ya robo saa. Kamati hii ndiyo iliyokataa, kwa hoja kwamba binadamu hawezi kumaliza kahawa kwa robo saa. Badala yake ilipata Kifungu cha 7, kinachomhesabu msomaji kuwa anasoma hadi afunge kitabu mwenyewe, au hadi saa sita usiku. Kumbukumbu za wakati ule zinakiita ushindi mkubwa wa Kamati. Keki ililiwa.

Bw. Bäcklund, mwandishi wa kifungu hicho, alikitetea. Alisema msomaji si mfungwa na kahawa si anasa.

"Kunywa, mzee wangu, hata birika zima," alisema Bi. Kenttä. "Ila funga kitabu kwanza, nami nisome wewe ukinywa."

Mwenyekiti alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kulichunguza suala hilo kwa kina. Bi. Kenttä aliuliza kama kamati ndogo ingemaliza kabla ya Ijumaa. Pendekezo liliondolewa.

AZIMIO: Kifungu cha 7 kirudishwe kwenye robo saa. Watumishi wa maktaba wasikifungue tena kitabu ambacho hawakisomi. Mkataba mpya utiwe saini leo. Bw. Bäcklund alitaka pingamizi lake kuhusu robo saa liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 6/2024: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO
Mkataba ulitiwa saini. Bi. Kenttä aliomba kuondoka kabla ya kahawa, akasome katika chumba cha wasomaji ghorofa ya chini. Alisema hana haja ya kulala leo, na kwamba kumbukumbu atazihakiki Ijumaa akitoka mtihanini. Aliruhusiwa, na Mwenyekiti akamfungia andazi la mdalasini kwenye karatasi.

Baada ya mlango kufungwa, Bw. Bäcklund aliomba akifungue kitabu kidogo tu, kuona kama bado kinafunguka. Ombi lilikataliwa.

Wajumbe waliinuka kwenda kwenye kahawa saa 4:00 kamili, kompyuta zote zikiwa zimezimwa.

Gunvor Stålnacke
Mwenyekiti

Ragnar Öhlund
Katibu

Nimehakiki, Ijumaa 20 Septemba. Sikukataliwa hata mara moja. Swali la dripu lilitoka.
Aino Kenttä