Shokapu ya Kulia

Moab, 3 Oktoba

Mwanangu Kerstin,

Salamu nyingi. Mvua za Tacoma hazijakuozesha? Mimi mzima, isipokuwa masikio. Kwenye simu nasikia mlio tu, ndiyo maana naandika. Jirani yetu Nedra bado ananiletea viazi vya jibini vya msibani, utadhani mama yako tulimzika jana na si Aprili.

Gari la mama yako linavuja mafuta kwenye shokapu za nyuma, zile zenye waya, zinazojikaza na kujilegeza zenyewe kufuata njia. Taa ya njano haizimiki. Wewe ndiye fundi wa magari haya ya kifahari. Njoo wikiendi moja tuzibadilishe. Nyumba kimya mno.

Baba yako

Tacoma, 20 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila karakana imefurika magari, sitaweza kuja. Nakutumia shokapu mbili. Badilisha zote kwa pamoja, usiache kuukuu upande mmoja. Na boliti za chini usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza likanyage chini, la sivyo raba za shokapu zitachanika.

Au liuze tu, Baba. Linakaa hapo kwa faida gani?

Mwanao, Kerstin

Moab, 16 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mzigo umefika, asante. Ya kushoto nimeifunga. Ya kulia imo kwenye boksi lake.

Najua haifungwi moja. Na habari ya boliti naijua. Nilikufundisha mimi hayo, una miaka kumi na mitatu, chini ya pikapu yangu, mchanga umekuingia machoni unalia na spana hutaki kuiachia. Ya kulia nimekuwekea wewe. Sikukuu ya Shukrani nitapika bata mzinga mdogo. Ukija, mkubwa.

Baba yako

Moab, 8 Desemba

Mwanangu,

U salama? Bata mzinga nimemla na Nedra, tukashindwa kummaliza. Umenyamaza. Kama nimekukera, niambie.

Baba

Moab, 9 Januari

Mwanangu Kerstin,

Heri ya mwaka mpya. Juzi nimefunga ya kulia peke yangu. Taa imezima. Nililizungusha gari njia ya mtoni, limetulia kabisa. Leo asubuhi mama mmoja wa Grand Junction amelinunua, ameondoka nalo. Ulisema kweli, lilikuwa limekaa bure.

Sasa sina cha kukusumbulia. Nakukumbuka sana, na wala sikulaumu.

Baba yako

Tacoma, 9 Januari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Si kazi iliyonizuia. Niliogopa lile gari. Mafuta ya kupaka mikono ya Mama bado yamo kwenye mfuko wa mlango, na kiti amekisogeza karibu na usukani kwa ule ufupi wake. Nilikwambia uliuze ili nisilione tena.

Jana mteja kaleta la aina hiyohiyo, rangi ileile. Nikaingia nilitoe nje, nikashindwa hata kuliwasha kwa kilio. Msimamizi akagonga kioo: "We Kerstin, nenda kwa babako bwana! Magari hayaishi, wazazi wanaisha." Kanipa wiki nzima.

Nitafika Jumamosi ijayo. Shokapu yangu usiiguse. Nakuomba kitu kimoja tu, Baba: kabla hatujapiga jeki, niache nikae kidogo kwenye kiti cha Mama, peke yangu.

Mwanao, Kerstin