Ishirini na Tatu Nukta Moja Tano

Jumanne, 1 Machi 1977

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si pasta, si Waruguru mwenyewe niliyekaa naye dawati moja. Kemia nimepita vizuri, Baba amezungusha karatasi ya matokeo ploti nzima tunayopanga, hata kwa watu wasiojua kusoma. Lakini tarakimu za maana, yaani jibu likomee tarakimu ya ngapi, sizijui! Miaka minne mwalimu akisema, "Jibu liwe na tarakimu tatu za maana," mimi nilichungulia Waruguru ameacha wapi, nami nikaacha hapo hapo. Angeandika mpaka ukingoni mwa karatasi, ningemfuata.

Na leo barua imekuja! Kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Wanataka mwanafunzi wa kazi maabarani. Mmoja tu. Mtihani wa vitendo ni Ijumaa ya tarehe 11. Waruguru hakuomba, kwa hiyo hakuna wa kuchungulia.

Baba amesema nisipopata, Aprili naenda Bungoma kwa shangazi, kukaa dukani kwake. Shangazi ni mwema. Lakini duka lile — kibiriti, chumvi, kibiriti, chumvi.

Siku kumi!

Jumamosi, 5 Machi

Nimetoka Kibera kwa Dada Risper. Tunasali naye kanisa moja, na anafanya kazi maabara ile ile ya kiwanda: anaosha vyombo na kutayarisha chupa za dawa. Analea watoto wawili peke yake. Ana bureti, lile bomba la kioo lenye alama za kupimia, iliyovunjika juu ambayo wangeitupa. Tuliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, watoto wakakaa chini kutazama maji yakishuka kama sinema.

Nikasoma. "Ni 25."

"Si 25. Ni 25.0."

Nikamwambia ni kitu kimoja. Akaweka mikono kiunoni. "Kitu kimoja? Hiyo sifuri umeinamia mpaka mgongo ukauma, halafu unaitupa!"

Kumbe! 25 ni mtu aliyetazama kwa mbali. 25.0 ni mtu aliyesogea karibu, akatafuta sehemu za kumi, akakuta hakuna hata moja. Ile sifuri ni kazi iliyofanyika. Na sifuri za mbele, kama 0.0048? Hizo zinashika nafasi tu, hazihesabiwi. Tarakimu za maana hapo ni mbili.

Miaka minne nimekaa na jambo dogo hivi bila kuuliza, kwa haya yangu!

Nimerudi kwa miguu mpaka kwetu Kawangware nikisoma kila namba niliyoiona. Mlango namba 105 — tatu! Gunia la kilo 90 — mbili au moja? Inategemea aliyepima. Nilitaka kumuuliza mwenye gunia. Sikuthubutu.

Jumatano, 9 Machi

Karakana ya Baba, Gatina. Mteja ameleta ubao wa sentimita 76.0, anataka vipande vitatu vilivyo sawa. Nikagawanya upesi kwenye kibao kwa chaki. "Baba, kila kipande ni sentimita 25.3333."

Baba alicheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. "Binti yangu, msumeno wenyewe unakula milimita tatu. Hizo nywele zako nizikate na nini?"

Fundi Wesonga, aliyekuwa akipiga randa, akaitikia, "Mletee wembe wa kinyozi!"

Walinicheka wote, nami nikacheka. Kwa sababu nilielewa! Jibu haliwezi kuwa kali kuliko kifaa kilichopima. Tepu ya Baba inaishia milimita, basi nami naishia milimita. Tatu zile za nyuma hakuna aliyezipima, zimetoka kwenye chaki yangu tu.

Nikafuta, nikaanza upya. Kukata ni mara mbili, msumeno unakula 0.6. Inabaki 75.4. Kwa tatu — 25.1!

Baba akakata. Akapima kimoja, akapima cha pili, cha tatu akakipima mara mbili. Alasiri akaniletea ubao mwingine. "Nipimie na huu."

Alhamisi, 10 Machi

Dada Risper amepita akitoka kazini, akanikuta kwenye mfereji na ndoo. Nilidhani amekuja kunitakia heri. Akainama kama anayenawa mikono.

"Nafuna, chupa za kesho nimezitayarisha mimi. Ukianza kutetemeka, usisome bureti, andika 24.80. Nimemwambia na Kyalo, yule kijana jirani yangu, naye anafanya mtihani. Nyinyi wawili tu." Akanishika bega. "Wewe unajua kazi. Ni mikono yako tu inayoogopa watu."

Akaenda zake. Mama akauliza Risper alitaka nini. Nikasema, kuniombea.

Kweli mikono yangu inaogopa watu.

Ijumaa, 11 Machi

Tulikuwa kumi na mmoja, wasichana wawili. Niliwekwa mwisho wa benchi karibu na Kyalo. Bureti nzima, inang'aa, haijafungwa kwa kamba! Nilisahau kuogopa.

Kazi ni kudondosha alkali kwenye asidi mpaka rangi igeuke, kisha kusoma kiasi kilichoshuka. Tone, tone, tone — waridi! Nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji. 23.15.

Nilikuwa natazamia 24.80. Nikasema nimekosea, nikarudia. 23.20. Nikarudia tena. 23.15.

Kyalo akaniegemea. "Wee, binti wa Kawangware, 24.80. Andika." Nikatazama kando. Dada alisema nyinyi wawili tu! Benchi nzima ilikuwa inaandika, macho ya watu kwenye karatasi, bureti zimeachwa kama mishumaa mchana.

"Unaringa?" Kyalo akasema. "Haya, baki na yako."

Nikabaki na yangu. Wastani 23.1666, nikafanya hesabu ya ukali wa asidi mpaka 0.0926666, sita zimepiga foleni. Pipeti yangu, mrija niliopimia asidi, ilikuwa 25.0, tarakimu tatu. Nikaandika 0.0927, nikaacha hapo. Nimeacha mwenyewe! Sikumtazama mtu!

Bwana Murunga, mkemia wao, akakusanya karatasi. Akasoma moja, ya pili, ya tano. Akavua miwani. "Karatasi kumi, usomaji mmoja. Na asidi nimeibadilisha leo asubuhi kwa mkono wangu."

Kyalo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nafuna ni nani? Jumatatu urudi peke yako, urudie mbele yangu."

Jumatatu, 14 Machi, kiwandani

Naandika kwenye goti, koridoni.

Nimerudia. Alisimama nyuma yangu nikimsikia anavyopumua, na mkono haukutikisika. 23.15! Akainama akasoma mwenyewe. Akauliza kwa nini 0.0927 na si zaidi. Nikamjibu kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia. Akacheka, akasema, "Kazi hii ni yako, binti. Wiki ijayo uanze."

Yangu! Baba ataangusha penseli ya pili!

Halafu akaniletea karatasi na kalamu. "Lakini 24.80 ndiyo namba ya asidi niliyoimwaga. Imetoka ndani ya maabara. Wale kumi nimewauliza, kila mmoja anasema alisikia kwa jirani yake. Uliketi mwisho wa benchi, wewe ulisikia kwa nani? Niandikie jina." Simu ikalia, akaenda ofisini.

Nikiandika "Kyalo", ni kweli. Alininong'oneza kweli. Lakini Kyalo akiitwa atasema alipata wapi, na watoto wawili wa Kibera watakula nini? Nikiandika "sijui", siku yangu ya kwanza kazini naandika kipimo ambacho sikukisoma.

Mlango wa maabara una kioo. Dada Risper yuko kwenye sinki, anaosha bureti zote kumi na moja. Anaosha ile ile moja kwa muda mrefu. Hanitazami.

Bwana Murunga bado yuko kwenye simu. Anasema "ndiyo, ndiyo", kama mtu anayemaliza.

Daftari langu, haya yamefika kwako tu. Akija akakuona gotini, wewe huna mdomo. Usimwambie. Acha kwanza nijue mimi nitamwambia nini —

Ameweka simu chini.