Insha ya Ng'washi

Selina, upo? Mwenzio nimejifungia ofisini.

Niliwapa Kidato cha Sita waandike insha kuhusu msamaha. Ng'washi, yule binti mpole wa Nyegezi, akaandika kwamba hajamsamehe baba yake. Baba alimfukuza mama akiwa mgonjwa, mama akafia Mabatini, nyumbani kwa dada yake. Selina, ile insha nililia nikiisahihisha.

Leo mkuu wa shule, Mchungaji Obedi, akaja kukagua kipindi changu. Akaichukua ile insha mezani, akaanza kuisoma kwa sauti. Yote. Mbele ya darasa zima. Wanafunzi wakacheka alipofika pale mama alipobebwa kwa bodaboda.

Alipomaliza akasema, "Mkristo haandiki hivi." Akamwita mtoto ubaoni. "Andika: Nimemsamehe baba yangu."

Akaandika.

"Ongeza: kwa moyo wote."

Akaongeza, Selina.

Nikamwambia, "Mchungaji, hayo siyo maneno yake."

Akanijibu taratibu kabisa, "Mwalimu, wewe fundisha lugha. Roho niachie mimi." Kisha akamgeukia Ng'washi. "Jumapili baba yako atakuwepo kanisani. Utamsomea hayo mbele ya waumini."

Roho niachie mimi. Alisema hivyo huku anatabasamu.

Kipindi kilipoisha nikamfuata Ng'washi nje, nikamwomba radhi. Hakulia. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuandikia wewe."