Mgomba wa Dirishani Kwangu

Rubwera, Kyerwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje tangu baridi ianze? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawazungusha? Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na soksi za kulalia ulizonichekea zimeshatoboka zote. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza tu kusimulia unasema, "Kata mwanangu, unamaliza salio." Karatasi haina salio. Vaa miwani, au mpe Dada Neema akusomee, ila asiruke mahali.

Ndani ya bahasha kuna picha kumi na tatu, nimesafishiwa na mpiga picha wa hapa sokoni. Kumi na mbili ni za mgomba wa dirishani kwangu, moja ya kila mwezi. Usicheke kwanza. Kwenye simu yangu ziko mia tatu na sitini na tano, moja kwa kila asubuhi, kabla sijaenda ofisini.

Unakumbuka pale stendi ya Singida, uliponiambia mbele ya Mjomba kwamba mambo yangu yote ni nguvu ya soda? Cherehani miezi mitatu, kuku miezi miwili, na kwaya niliyoiacha kabla sare haijatoka kwa fundi. Iliniuma, Baba, na iliniuma zaidi kwa kuwa ni kweli. Basi nilipopata chumba hapa kwa Mama Koku, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa, nikafungua dirisha siku ya kwanza, nikaona mgomba umesimama mbele yangu, nikasema: huu nitaupiga picha kila siku mwaka mzima, mahali palepale, nione kama nitaacha.

Wiki ya pili Mama Koku akaacha kuniitikia salamu vizuri. Nikajiuliza nimekosa nini. Kumbe alikuwa anaona karani wa masjala wa halmashauri anapiga picha shamba lake kila kukicha, akahesabu moja kwa moja kwamba barabara inakuja kupita sebuleni. Nilipomwambia napiga mgomba tu, aliniangalia kwa huruma. "Waitu, mwanangu, kwenu hakuna mti?" Waitu huku ni neno la upole.

Ninayo maswali mengi, Baba, na ofisini hakuna wa kuyauliza. Kwa mfano, jani jipya linatoka limeviringwa, halafu linafunguka lenyewe. Linafunguka saa ngapi? Nilikaa dirishani Jumamosi nzima nikitaka kulikamata, nikaenda kunywa chai, niliporudi limeshafunguka. Halafu likatoka ua la zambarau, zito kama moyo wa ng'ombe, na chini ya kila ganda la ua kulikuwa na ndizi changa zimejipanga. Sisi tunaziona sokoni tu zimelala. Sikujua kwamba zikiwa bado mtini zinaelekea juu.

Sasa sikiliza mkasa. Mwezi wa tano nikarudi kutoka kazini nikakuta mgomba wangu uko chini. Mkungu umebebwa, shina limekatwa vipande, limetandazwa shambani. Nilipiga kelele, Baba, mtu mzima na tai yangu. Nilijua tu, hata nisipoacha mimi, kitu chenyewe kitaniacha. Mama Koku alitoka jikoni na kisu mkononi akidhani kuna nyoka.

"Kwa nini umeukata?"

"Si umeshazaa? Ulitaka uzae mara ya pili? Umeona wapi?"

Nilikuwa sijui! Nilidhani ni kama mkwaju wetu wa nyumbani, unachuma na mwakani unachuma tena. Mgomba unazaa mara moja tu, kisha unakatwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanishika mkono akanionyesha: kando ya kisiki kulikuwa na mgomba wa kimo changu, na kando yake chipukizi dogo. "Huyu aliyekatwa ni mama. Huyu mtoto, huyu mjukuu. Wengine wote nang'oa, na mimi ndiye nachagua waelekee wapi. Picha zako za mwanzo huyu mtoto hayumo?" Nikafungua simu. Yumo. Yumo tangu siku ya kwanza, ncha tu imetokeza kwenye matandazo, na mimi miezi mitano nilikuwa namtazama bila kumwona. Nikaendelea na mtoto.

Picha ya kumi na tatu imepinda na ina kidole pembeni. Siku hiyo nilikuwa na homa, sikuweza hata kuinuka kitandani bila kushikilia ukuta. Nikamwomba Mama Koku anipigie. Alisimama kibanjani, akaupa mgomba mgongo, akapiga picha dirisha, na mimi nimejifunika blanketi nachungulia. Nilipomuuliza, maana alijua picha nitakutumia wewe, akasema, "Baba yako mgomba ataufanyia nini? Anataka kukuona wewe." Kwa hiyo katika mwaka mzima nimo kwenye picha moja, nayo sikuipiga mimi.

Aliyeniletea uji siku zile ni Kemilembe, mtoto wa kaka yake Mama Koku, yule niliyekutajia kwenye simu. Anashona nguo hapa Rubwera. Yeye cherehani hakuiacha. Uliniambia, "Maliza kwanza mwaka mahali pamoja, ndipo unieleze habari za kuoa." Nimemaliza, Baba. Nilikwenda kwao Kituntu, wakanipa kahawa ya kutafuna, buni kavu anazopewa mgeni wa heshima, wakanipokea vizuri. Lakini mzee wake alisema neno moja: "Kijana tumemwona. Baba yake tutamwona lini?" Niliona aibu.

Yule mtoto wa mgomba sasa ameshika mkungu. Mama Koku ameufunga ukamba mkavu shinani, na huku kwake mkungu ukishafungwa hivyo ni wa mgeni, hauuzwi wala hauguswi na mtu. Amesema ni wako. Utakomaa baada ya miezi mitatu, minne ukichelewa, na ukikomaa utakatwa, uwe umefika au hujafika.

Msalimie sana Mama, mwambie mlenda wake naukumbuka kila Jumapili. Msalimie Dada Neema msomaji, na Mjomba aliyekuwa shahidi pale stendi, mwambie aione picha ya kumi na mbili.

Mimi bado napiga kila asubuhi. Siku ya kuukata nataka wewe ndiye uushike mkungu, nami nisimame karibu yako, na picha atupigie Mama Koku, hata kama itapinda.

Mwanao, ambaye safari hii hajaacha,
Daudi