Lumbesa Kwenye Chupa ya Mtoto

Jumanne, hapa Soweto, Mbeya. Manyunyu tangu alfajiri na baridi ya kuuma masikio. Mimi moyo wangu mweupe, ila kuna jambo lazima niliungame humu daftarini.

Wanaonijua wanajua. Mimi ndiye niliyetoa lori la viazi Nyololo hadi Iringa mjini, breki zimekufa, nikalisimamisha kwa kulisemesha tu. Darasa la saba sikumaliza, lakini kazi iliyonishinda bado haijazaliwa.

Basi mpwa wangu Tumaini, aliyejifungua kwa upasuaji juzijuzi, anapumzika kwangu. Mtoto anakunywa maziwa ya kopo, maana dawa anazotumia mama yake haziruhusu anyonyeshe kwa sasa. Leo Tumaini alitakiwa kwenda kusafishwa kidonda, mke wangu yuko shamba. Nikasema niachie mimi.

"Mjomba, utaweza kweli?"

"Nimekuza ndama saba kwa chupa! Mmoja alinenepa mpaka akaziba barabara ya Chunya."

"Huyu si ndama, Mjomba. Soma kopo."

Kopo nilisoma. Juu juu.

Nisijinyime sifa, mengi nilifanya sawasawa. Nilinawa kwa sabuni, nikachemsha chupa na chuchu yake, nikatangulia kumimina maji yaliyochemka, yakiwa bado ya moto, ndipo unga ukafuata. Kosa lilikuwa kwenye kijiko. Mimi ni mtu wa viazi. Miaka yote nafunga magunia ya lumbesa, yale yanayovimba juu mpaka yanashonewa kofia ya kamba, na mteja nisipomwongezea najiona nimemwibia. Sasa mjukuu wangu wa kwanza, mgeni kabisa hapa duniani, nimpimie kijiko kilichofutwa juu kama mchoyo? Nikajaza vijiko kama Mlima Rungwe. Halafu nikaongeza kimoja cha babu.

Nikapooza chupa kwenye maji baridi, nikajidondoshea tone mkononi kupima joto, nikampakata kichwa kikiwa juu. Akamaliza yote. Nikajipongeza.

Tumaini aliporudi aliinua chupa tupu, akaona masalia mazito chini.

"Mjomba, kijiko ulikisawazisha?"

Hapo uongo ulinijia mzuri, umevaa mpaka viatu. Lakini alikuwa ananitazama huku ameshika tumbo lake lenye mshono, na mtoto mwenyewe hajui kusema alichonyweshwa.

Nikasema, "Nilijaza lumbesa."

Hakucheka. Akampigia nesi wa kliniki. Nesi akasema maziwa mazito mno yanamkausha mtoto maji mwilini na kuzielemea figo zake changa. Tusimpe maji matupu kufidia. Chupa inayofuata tupime kama kopo linavyosema, na tuangalie nepi. Akitapika, akilegea, au ikifika saa tisa hajakojoa, tumpeleke hospitali mbio.

Basi nikakaa na nepi. Mimi niliyesemesha lori, leo nasemesha nepi. Sijawahi kuogopa vile, na hilo nalisema humu tu.

Saa saba nilitengeneza chupa ya pili, Tumaini amesimama nyuma yangu kama askari wa mizani. Kila kijiko nikakifuta juu kwa kisu safi, bapa kabisa. Mtoto akaacha robo. Nikataka kuitunza kwa baadaye.

"Mwaga, Mjomba. Yanaota vijidudu."

Nikamwaga, mkono ukigoma.

Saa nane nikafungua nepi. Kavu! Nikaanza kutafuta koti langu la kutokea. Kabla sijalipata, dogo akafyatua mkojo, ukanipata shati, ndevu, ukaenda kupiga kalenda ukutani. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga kuuliza nani amefariki.

"Mita tatu!" nikamwambia. "Mkojo umeruka mita tatu!"

"Nusu mita," Tumaini akasema, anacheka huku ameshika mshono. "Usinichekeshe, Mjomba, naumia."

Ni mita tatu. Nitapima.

Jioni hii mtoto ameshalowanisha nepi mbili nyingine, na analala kwa raha. Nimeuliza kama bado nafaa. Tumaini akanikabidhi kile kisu cha kufutia kijiko.

Kesho chupa ya asubuhi ni yangu.